Nusu sekunde ya Kocha Popovich: majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Toleo lililopita tulimweleza kwa ufupi Gregg Popovich, kocha aliyeiongoza San Antonio Spurs ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, tangu Desemba 1996 hadi mwaka 2025. Barua zimekuja nyingi kutoka Mbeya, Iringa na Njombe, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: falsafa yake ya kuamua ndani ya nusu sekunde inafanyika vipi kwenye uwanja wa shule wenye mpira mmoja au miwili? Tumechagua maswali saba.

Shikamoo mhariri. Huyu Popovich alikuwa mchezaji mkubwa? Nafundisha michezo sekondari, sijawahi kucheza ligi yoyote, na wanafunzi wangu wanalijua hilo.
*Mwalimu wa michezo, Mafinga*

Marahaba, mwalimu. Hakucheza NBA hata mchezo mmoja. Alicheza akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, akahitimu mwaka 1970 katika masomo ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1979 alianza kuwa kocha mkuu wa Pomona-Pitzer, California, timu ya vyuo vidogo ambako hakuna mwanafunzi anayelipiwa ada kwa sababu ya kikapu. Msimu wa kwanza alishinda michezo 2, akafungwa 22. Alibaki palepale, na mwaka 1986 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa kanda yake baada ya miaka 68.

Mwaka 1988 Larry Brown, kocha wa Spurs wakati huo, alimchukua kuwa msaidizi wake. Benchi lote la ufundi lilipoondolewa mwaka 1992, akaenda Golden State Warriors kwa miaka miwili, kisha akarudi San Antonio mwaka 1994 kama meneja mkuu. Desemba 1996 timu ilikuwa imeshinda michezo 3 na kufungwa 15, akamwondoa kocha Bob Hill na kukaa mwenyewe kwenye kiti. Mashabiki walichukia. Msimu uliisha kwa ushindi 20 na vipigo 62 katika michezo 82, huku senta wake David Robinson akicheza michezo 6 tu kwa majeraha.

Kisha likaja lile ambalo hatupaswi kulificha: mwaka 1997 Spurs walipata nafasi ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya, wakamchukua Tim Duncan. Ilikuwa bahati kubwa sana. Lakini timu nyingi zimewahi kuchagua wa kwanza na hazikufika popote. Spurs waliingia hatua ya mtoano misimu 22 mfululizo, 1998 hadi 2019, na Duncan alistaafu 2016. Wakachukua ubingwa 1999, 2003, 2005, 2007 na 2014. Tony Parker walimpata akiwa chaguo la 28, Manu Ginobili chaguo la 57. Popovich akamaliza na ushindi 1,422 wa msimu wa kawaida, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa NBA aliyeifikia.

Kwa hiyo, mwalimu, hao wanafunzi wako waambie ukweli kuwa hukucheza. Watakupima kwa mazoezi ya Jumatatu: je, umekuja ukijua dakika ya kwanza hadi ya tisini mnafanya nini?

Kaka zangu, nimesikia kuhusu "sheria ya nusu sekunde". Tumejaribu hapa mtaani, kila mtu anatupa pasi kama kiazi cha moto na tunapoteza mpira. Tunakosea wapi?
*Kijana wa Soweto, Mbeya*

Mnakosea kwa kuidhani ni sheria ya kuharakisha mpira. Ni sheria ya kuharakisha uamuzi. Ukipokea, ndani ya nusu sekunde uwe umeshaamua moja kati ya matatu: kutupa kikapuni, kuingia kwa kudunda, au kutoa pasi. Kinachokatazwa ni la nne, yaani kushika mpira, kuuweka kiunoni na kuanza kuangalia uwanja.

Sababu yake ni hii. Pasi nzuri ikitoka upande mmoja kwenda mwingine, mlinzi wako anakuwa bado njiani anakukimbilia, mwili umeinama mbele. Hawezi kusimama wala kugeuka. Hapo ukimpita anabaki, ukitupa hakufikii. Ukisubiri sekunde moja na nusu, amefika, amekaa sawa, na wenzake wanne nao wamejipanga. Faida yote iliyoletwa na pasi mmeila nyinyi wenyewe.

Sasa mazoezi. Wekeni wanne kwa wanne, nusu uwanja, bila kudunda kabisa, dakika 5. Anayeshambulia akae mita 4 hadi 5 kutoka kwa mwenzake. Mkikaribiana zaidi ya hapo mlinzi mmoja anawalinda wawili. Kocha asimame pembeni, na kila mpira unapopokewa atamke "moja". Neno likiisha na mpira bado umetulia mkononi, unakwenda kwa upande wa pili. Baada ya dakika 5 ruhusuni kudunda mara moja tu kwa kila mtu, dakika 5 nyingine. Mwisho chezeni kawaida, lakini "moja" ibaki.

Makosa tunayoyaona sana ni ya mwili kabla hayajawa ya akili. Mchezaji anapokea akiwa amesimama wima kama nguzo, hivyo lazima kwanza akunje magoti ndipo afanye chochote, na hiyo nusu sekunde imekwenda. Pokea magoti yakiwa yamekunjwa tayari, vidole vikiangalia pasi, mguu wa kwanza ukitua mpira unapogusa mikono. Kosa la pili ni la mtoa pasi. Akiutupa magotini au nyuma ya bega, mwenzake anauvuta mpira badala ya kuutumia. Ulenge kifuani, upande ulio mbali na mlinzi. La tatu ni lile la kiazi cha moto: mtu ameamua atampa nani kabla hata hajapokea, hakuangalia, na mlinzi mjanja anausoma uso wake. Dawa yake ni kuangalia kikapu kwanza kila unapopokea. Macho yakiwa kwenye ringi, mlinzi wako analazimika kukuamini, na pembeni ya macho unawaona wengine.

Kuna nusu ya pili ya falsafa hii ambayo watu huisahau. Spurs walifundishwa kuacha nafasi nzuri ili mwenzako apate nafasi bora. Lakini yule aliyepata nafasi bora *lazima atupe*. Akiirudisha pasi kwa adabu au kwa woga, wote wanne waliofanya kazi kabla yake wamefanya bure, na saa ya sekunde 24 za kila shambulizi inakwisha. Katika mazoezi, asiyetupa akiwa peke yake mhesabieni kosa sawa na aliyepoteza mpira. Sisi tunaona hili ndilo gumu kuliko yote, maana vijana wetu wengi wamelelewa kuogopa kukosa mbele za watu.

Kamwene! Naomba mnieleze ule mchezo wa Spurs ambapo mpira unapita chini ya ringi na mtu anafunga pointi tatu kwenye kona.
*Msomaji, Kihesa, Iringa*

Kamwene. Marekani wanauita "nyundo" kwa lugha yao. Tuite Nyundo.

A yuko na mpira bawa la kulia. Kona ya kulia iwe tupu, hilo ni sharti. E, mchezaji mrefu, anamwekea A kizuizi upande wa ndani ili A aingie kwa kudunda akifuata mstari wa mwisho. D anabaki juu katikati, kazi yake ni kurudi kulinda mambo yakiharibika. Mchezo wenyewe sasa uko upande ambao hakuna anayeuangalia: C, mtupaji wenu bora, yuko bawa la kushoto, na B, mrefu wa pili, yuko kwenye pembe ya kushoto ya mstari wa mitupo huru. A anapompita mlinzi wake, mlinzi wa C atavutwa ndani kusaidia, mgongo wake ukimwelekea C. Hapohapo B anajipanga nyuma ya mlinzi huyo kumzibia njia ya kurudi, na C anateleza kwenda kona ya kushoto. A anatoa pasi ya hewani, mbele ya nguzo ya goli, hadi kona. Ni pasi ya mita 9 hivi. Msiidundishe, kwenye vumbi mpira unadunda unakotaka wenyewe.

Vinavyoharibika: A anaruka kwanza ndipo atafute wa kumpa. Akiwa hewani hana tena chaguo, na akitua na mpira ni kosa la kutembea. Miguu ibaki chini hadi amwone C. B anamsukuma mlinzi kutoka nyuma, inakuwa faulo. Mtu aliyesimama asiyekuona lazima umwachie nafasi ya hatua moja. C anakimbia mapema, mlinzi anamkumbuka na kumfuata. Aanze A anapodunda mara ya pili kuelekea mstari wa mwisho.

La nne ni la kipimo. Kwa sheria za kimataifa, kati ya mstari wa pointi tatu na mstari wa pembeni pale kona kuna sentimita 90 tu. Kijana anayevaa kiatu namba 44 akirudi hatua moja bila kuangalia, kisigino kiko nje na mpira ni wa wapinzani. C afanye mazoezi ya kutua pale macho yakiwa kwenye pasi, mara 20 kila siku, bila kuangalia chini.

Jambo moja la kuzingatia kabla hamjaiga kila kitu. Popovich aliipenda kona kwa sababu NBA mstari wa pointi tatu uko mita 7.24 juu na mita 6.71 tu kwenye kona, punguzo la zaidi ya nusu mita. Kwetu ni mita 6.75 juu na 6.60 kona. Punguzo ni sentimita 15. Faida inayobaki kwenu ni ya nafasi: mlinzi wa mtu aliye kona ana safari ndefu kuliko wote.

Uwanja wenu kama hauna mistari, fungeni kamba ya mita 6.75 kwenye kijiti kilichosimama wima chini ya katikati ya ringi, mzunguke nayo mkichora. Tumieni chokaa iliyokorogwa na maji, muiache ikauke. Chokaa kavu ikipanda na vumbi inachoma macho.

Nina timu ya wasichana 12. Wazazi na hata uongozi wanataka watano bora wacheze mwanzo mwisho. Nikimpumzisha mmoja nasemwa. Popovich alifanyaje?
*Kocha, Njombe*

Alisemwa zaidi yako, na akatozwa. Novemba 2012 aliwarudisha nyumbani Duncan, Parker, Ginobili na Danny Green kabla ya mchezo na Miami Heat uliokuwa unaonyeshwa nchi nzima, na NBA ikaitoza Spurs faini ya dola 250,000. Hakuacha. Msimu wa 2013–14 hakuna mchezaji wake hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mchezo, jambo ambalo halikuwahi kutokea NBA, na timu ikashinda michezo 62 kisha ikachukua ubingwa. Ginobili, mwenye uwezo wa kuanza timu yoyote, kwa miaka mingi aliingia kutoka benchi.

Kwako fanya hesabu hivi. Mchezo ni dakika 40, nafasi tano, jumla dakika 200 za kugawa. Wanaoanza watano wape dakika 26 kila mmoja, hizo ni 130. Watatu wa akiba dakika 16 kila mmoja, 48. Zinabaki 22 kwa wanne wa mwisho, dakika 5 au 6 kila mmoja. Iandike karatasini usiku kabla ya mchezo, na usibadilishe watano kwa mpigo. Toa wawili karibu na dakika ya 5 ya robo ya kwanza, lakini mmoja anayejua kuendesha mpira *abaki*. Wanne wale wa mwisho waingie robo ya pili, wakiwa na angalau wawili wenye uzoefu kando yao; ukiwaweka wote pamoja timu ikiwa nyuma, watafungwa na watajilaumu bure.

Dalili za kumtoa mtu kabla ya ratiba: anashika pindo la bukta mpira ukisimama, mitupo yake huru inaanza kugonga mbele ya ringi, anarudi kulinda akitembea. Miguu ndiyo imekwisha, na mguu uliokwisha ndio unaozalisha faulo ya kizembe. Kumbuka kwetu mchezaji anatoka kwa faulo 5, NBA ni 6. Timu inayotegemea watano inajikuta robo ya nne na wawili wenye faulo nne nne.

Kwa wazazi, waonyeshe karatasi kabla ya mchezo, si baada ya kufungwa.

Ukali wake unasemwa sana. Hapa kuna walimu wanachapa kwa kukosa mtupo. Je, nidhamu ya Spurs ilitokana na ukali?
*Mzazi, Tukuyu*

Alikuwa mkali wa maneno, na alianza na wakubwa. Alimfokea Duncan mbele ya wote, hivyo mdogo yeyote hakuwa na la kulalamikia. Parker, aliyeanza kuiongoza timu akiwa na miaka 19, alipata sehemu yake kubwa.

Ila ukali huo ulikuja kutoka kwa mtu aliyewajua wachezaji wake. Alikula nao mezani, akiwauliza habari za dunia na historia. Timu ya 2014 ilikuwa na Parker na Diaw wa Ufaransa, Ginobili wa Argentina, Splitter wa Brazil, Belinelli wa Italia, Mills na Baynes wa Australia. Siku chache kabla ya fainali, Popovich aliwasimamisha wote awaeleze habari za Eddie Mabo, mtu wa visiwa vya Torres Strait aliyepigania haki ya ardhi ya wenyeji wa Australia, kwa sababu Patty Mills ni wa ukoo huo. Mchezaji aliyetendewa hivyo anapokea karipio kwa namna nyingine.

Kiboko kwa kukosa mtupo hakina nafasi hapo, mzazi. Na hata kiufundi kinaharibu: mtoto anayeogopa hukaza bega na kifundo cha mkono, mpira unatoka bila mzunguko, na anakosa zaidi. Anayekosa kwa haraka arudie mtupo uleule mara kumi. Ndaga kwa barua yako.

Mwaka 2013 kwa nini alimtoa Duncan sekunde za mwisho? Kombe lilikuwa mkononi.
*Msomaji, Makambako*

Mchezo wa sita wa fainali, Miami. Spurs waliongoza kwa pointi 5 zikiwa zimebaki sekunde 28. Miami walihitaji pointi tatu, na Popovich alitaka walinzi wepesi wanaoweza kubadilishana watu nje ya mstari, kwa hiyo akamtoa Duncan. Hesabu ya mtupo wa kwanza ilikuwa sahihi. Aliyokosa ni hesabu ya mtupo uliokosekana: LeBron James wa Miami alikosa mara mbili katika nafasi hizo za mwisho, na mara zote mbili mpira uliorudi ukaangukia mikononi mwa Miami. Mara ya pili Chris Bosh aliuokota, akampa Ray Allen kona ya kulia, pointi tatu, sekunde 5.2. Spurs wakafungwa 103–100 muda wa nyongeza, kisha mchezo wa saba 95–88.

Mwaka uliofuata walikutana tena na Spurs wakashinda 4–1. Katika fainali hizo Popovich alimwanzisha Diaw kuanzia mchezo wa tatu, mrefu anayejua kutoa pasi, na nusu ya kwanza ya mchezo huo walifunga asilimia 75.8 ya mitupo yao.

Mkiongoza kwa 3 na sekunde zimebaki, jambo la kufundisha ni ribaundi, yaani kuudaka mpira uliokosa kikapu. Mtupo ukitoka, kila mlinzi aguse mtu wake kwanza kwa mgongo ndipo atafute mpira. Kocha anayetaka wachezaji wake wafanye faulo mapema ili kuzuia mtupo wa pointi tatu, awafundishe kuugusa mpira. Ukimkumbatia mtu bila kuutafuta mpira, mwamuzi anaweza kukupa faulo ya utovu wa michezo: mitupo miwili, na mpira unabaki kwao.

Nimeletewa mpira mpya kutoka Dar, umejazwa vizuri, ila hapa Uyole unaruka kama chura. Je, ni mbovu? Na swali dogo la pili: mimi ni msichana wa miaka 17, nataka kuwa kocha wa wanaume. Kuna mwanamke aliyewahi?
*Msomaji, Uyole, Mbeya*

Mpira ni mzima. Hewa ya huku juu, karibu mita 1,700 na zaidi, ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo mpira uliojazwa upepo wa paundi 8 Dar unafika Mbeya ukiwa mgumu kama wa zaidi ya paundi 10. Toa upepo kidogo kidogo kwa sindano iliyolowekwa mate au maji. Upime hivi: uachie sehemu ya chini ya mpira ikiwa kimo cha mita 1.8, ukidunda, sehemu yake ya juu ifike kati ya mita 1.2 na 1.4. Fanya kipimo saa ileile mnayochezea, maana asubuhi za Juni na Julai baridi inaupunguza tena. Kwa wasichana tumieni namba 6.

Na ndiyo, yuko. Agosti 2014 Popovich alimwajiri Becky Hammon kuwa kocha msaidizi wa Spurs, mwanamke wa kwanza NBA kupewa kazi hiyo kwa muda wote. Tarehe 30 Desemba 2020 Popovich alitolewa nje na waamuzi katika mchezo na Lakers, akamwachia Hammon timu. Baadaye Hammon alikwenda Las Vegas Aces ya ligi ya wanawake na kuwapa ubingwa 2022, 2023 na 2025.

Anza na timu iliyo karibu nawe. Omba kukaa benchi na daftari, na katika kila mchezo andika kitu kimoja tu: mpira ulipopotea, nani alikuwa nao, na aliushika kwa muda gani. Baada ya michezo mitano mpelekee kocha hilo daftari.